Dirisha la Nusu Duara, la Pembetatu, la Paani: Kwa Nini Alfajiri Bado Inakuamsha

Dirisha la chumba ninacholala lina kichwa cha nusu duara. Mwaka wa kwanza wote nililala na pazia zuri lililofunika sehemu ya chini yenye pembe nne na kuiacha ya juu wazi, kwa kuwa sikupata bomba la pazia linalopinda. Kila alfajiri ile nusu duara ilijichora ukutani juu ya kichwa changu kama jua la pili. Tangu hapo nimeshajaribu kadibodi, karatasi ya alumini, gundi za kila namna, fundi cherehani mmoja na seremala mmoja. Nimepanga haya kwa dalili, maana mtu anayeamshwa na mwanga hajui sababu. Anachojua ni kwamba kuna mstari mweupe darini na bado ni saa kumi na moja na nusu.

Kwanza ujue mwanga unaingilia wapi

Makosa mengi huanzia dukani. Mtu ananunua kitambaa kizito zaidi wakati alichonacho hakina kosa lolote. Kabla ya kutoa hela, fanya majaribio mawili.

La kwanza ni la usiku. Zima taa zote, funga pazia kama kawaida, kisha mtu asimame nje na tochi yenye nguvu, aipitishe polepole kwenye ukingo wote wa dirisha. Wewe ukae ndani na chaki au vipande vya selotepu, utie alama kila unapoona mwanga. Kama chumba kiko ghorofani na nje hakufikiki, geuza: tochi iwe ndani, mtu atazame kutoka chini.

La pili ni la alfajiri, na linahitaji subira. Jicho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, kwa hiyo amka mapema, keti kitandani bila kutazama simu, na uangalie chumba kinavyobadilika. Kitu cha kwanza utakachotambua ndicho kinachokuamsha. Mara nyingi si kile ulichokishuku mchana.

Usishangae mwanga kuanza kabla ya jua kutoka. Jua likiwa bado digrii 6 chini ya upeo wa macho, anga safi tayari linamwaga laksi 3 hivi (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu) juu ya ardhi, na mwezi mpevu haufikishi hata nusu laksi. Jua linapochomoza kiwango kimeshafika mamia. Saa chache baadaye, chini ya jua la wazi, ni hadi 100,000. Kizuizi chako kinapaswa kupambana na namba hizo zote, na kope peke yake haziwezi: zinapitisha sehemu ya mwanga, hasa wenye rangi nyekundu. Zaidi ya hapo, mwaka 2002 wanasayansi walionyesha kuwa ndani ya retina, utando ulio nyuma ya jicho, kuna seli nyingine zinazohisi mwanga zenyewe, mbali na zile tunazoonea. Huvutiwa zaidi na mwanga wa bluu na kazi yake kubwa ni kuuambia mwili kama ni usiku au mchana.

Dalili: kitambaa ni kizito, lakini pembeni kuna taji la mwanga

Hii ndiyo dalili ya watu wengi, na ndiyo inayoyatesa madirisha yenye maumbo ya ajabu kuliko mengine. Fanya hesabu kidogo. Dirisha la mstatili lenye upana wa sentimita 100 na urefu wa 150, ukiacha mwanya wa sentimita moja kuzunguka kizuizi, umeacha wazi asilimia 3.3 ya eneo lake. Dirisha la duara lenye kipenyo cha sentimita 60, kwa mwanya huohuo, limeacha asilimia 6.6. Pembetatu yenye pande mbili sawa, kitako cha sentimita 120 na kimo cha 80, nayo inaangukia hapohapo, 6.6. Dirisha dogo lenye kona kali au mviringo lina ukingo mwingi kwa kila kipande cha kioo. Ndiyo maana kitambaa kilekile kilichotia giza chumba cha mgeni kinashindwa kwenye kijidirisha cha duara cha chumba chako.

Sababu ya taji huwa mojawapo ya hizi.

Kizuizi kimewekwa ndani ya shimo la dirisha. Mapazia ya kukunja kwa rola yana kasoro hii kwa kuzaliwa: kitambaa lazima kiwe chembamba kuliko rola yake ili kisikwaruze vishikizo, hivyo kila upande hubaki sentimita moja au mbili. Kwenye mstatili unaweza kubandika reli nyembamba kila upande zikauficha ule mwanya. Kwenye duara hakuna pa kubandika.

Kizuizi kimewekwa nje ya shimo, juu ya ukuta, lakini kiko mbali na ukuta. Pazia lililoning'inia sentimita 8 kutoka ukutani na kuzidi dirisha kwa sentimita 8 linaruhusu miale inayokuja kwa digrii 45 ipite moja kwa moja hadi kitandani. Jua la alfajiri liko chini kabisa, miale yake inatembea karibu sambamba na sakafu, na hupenda sana kuingia kwa ubavu. Mimi hutumia kanuni hii: pazia lizidi dirisha kwa angalau mara mbili ya umbali wake kutoka ukutani, na pale linapoishia upande, lirudi likaguse ukuta. Bomba lililopinda ncha zote mbili na kuingia ukutani linafanya kazi hiyo bila ufundi mwingi. Juu, weka pelmeti yenye kifuniko, yaani kisanduku chenye ubao wa mbele na wa juu. Pelmeti isiyo na ubao wa juu ni pambo, mwanga unapanda nyuma yake na kuogelea darini.

Kwa dirisha lenye umbo gumu, hapa ndipo penye uamuzi mkubwa. Una njia mbili tu. Unaweza kuziba shimo kwa kipande chenye umbo lake, au kusahau kabisa umbo hilo na kufunika mstatili mkubwa wa ukuta ambao dirisha limo ndani yake. Watu wengi wanang'ang'ania njia ya tatu: pazia linalofuata umbo la dirisha na bado lifunguke na kufungika kama pazia la kawaida. Lipo, linatengenezwa kwa oda, na sehemu ya mviringo mara nyingi huwa haisogei hata hivyo. Ukiwa na ukuta wa kutosha pande zote, funika mstatili. Bomba liwe sentimita 15 au 20 juu ya kilele cha nusu duara, pazia lishuke hadi sakafuni, basi. Haupendezi sana mchana, nakubali, lakini mapazia hutawanywa asubuhi na umbo la dirisha linaonekana tena.

Ziba pale tu ambapo hakuna ukuta wa kufunika: pembetatu iliyobanwa chini ya mteremko wa paa, duara lililo juu kuliko mkono, kijidirisha kilichogusana na kabati.

Dalili: pazia lenyewe linang'aa

Simama mbele ya pazia saa tatu asubuhi. Ukiona kivuli cha mti wa nje juu ya kitambaa, kitambaa ndicho chenye kosa. Rangi nyeusi haitoshi; uzi mweusi uliofumwa kwa ulegevu unapitisha mwanga kati ya nyuzi. Kitambaa cha kuzuia mwanga kabisa kina tabaka la rangi nyeusi lililofichwa kati ya tabaka mbili nyeupe, na ndiyo maana kinaweza kuwa cheupe pande zote na bado kikatia giza. Huna haja ya kutupa pazia ulilonalo: mpe fundi cherehani alitie bitana ya kitambaa hicho.

Vidoa vidogo vinavyometa kama nyota ni matundu ya sindano. Kila mshono unaopita kwenye tabaka la katikati umelitoboa. Ziba kwa kupaka rangi nyeusi ya kitambaa upande wa kioo, juu ya mishono, au mwambie fundi ashone bitana ikiwa kipande kizima, pindo peke yake ndizo zitobolewe.

Na zile karatasi za giza za kubandika kwenye kioo? Zimewakatisha tamaa wengi. Karatasi inayotangazwa kupitisha asilimia 5 tu ya mwanga inaonekana nyeusi kabisa ukiishika mkononi. Lakini asilimia 5 ya laksi 100,000 ni 5,000, mara kumi ya ofisi iliyowashwa taa vizuri. Faida yake ni kupunguza ukali wa jua la mchana. Kama unataka giza, ni ile isiyopitisha kitu kabisa, na hiyo ukishaibandika dirisha limekufa. Hutaona nje mpaka uibandue.

Dalili: chini ni giza, juu kuna jua

Hili ni la kichwa cha nusu duara au cha upinde, ambapo sehemu ya juu haifunguki na haina pa kutundika kitu. Kama huwezi kufunika mstatili wote, tengeneza kizibo.

Nusu duara kamili ni rahisi kuchora, lakini pinde nyingi si nusu duara kamili; ni kipande cha duara kubwa zaidi, na ukichora kwa macho utakosea. Pima upana wa kitako cha upinde na kimo chake katikati. Zidisha upana kwa upana, gawanya kwa mara nane ya kimo, kisha ongeza nusu ya kimo. Jibu ni nusu kipenyo cha duara lako. Kwa mfano upana ni 120 na kimo ni 40: 14,400 gawanya kwa 320 ni 45, ongeza 20, unapata 65. Funga kalamu kwenye uzi wa sentimita 65, piga msumari, zungusha. Ukifanya hesabu ukaona jibu ni nusu ya upana, upinde wako ni nusu duara kweli.

Hata hivyo hesabu inaaminika pale fundi aliyejenga naye aliiamini. Kwa hiyo ukishachora, kata kwanza kwenye karatasi na uijaribishe dirishani. Njia nyingine, na ndiyo niliyoishia nayo: bandika karatasi kubwa ifunike dirisha na ukuta unaolizunguka, kisha sugua ubavu wa penseli juu ya ukingo. Ukingo utajichora wenyewe, pamoja na kila bonde na kila kibiongo cha plasta.

Kizibo kitengenezwe kwa nini? Kadibodi ya boksi inafaa kwa majaribio, ila unyevu huipinda ndani ya wiki chache. Ubao mwepesi wa povu ni bora, lakini angalia: povu jeupe linapitisha mwanga. Shikilia kipande juani utaona kinawaka kama taa ya karatasi. Kifunike kwa karatasi ya alumini au karatasi nyeusi upande mmoja. Plaiwudi nyembamba hudumu kuliko vyote, na uzito wake ndio ubaya wake, hasa kwa kitu kitakachokaa juu ya kichwa cha mtu aliyelala.

Kipande kigumu kikate kiwe kidogo kuliko shimo kwa milimita 3 hadi 5 kila upande, kisha kivishe utepe wa sponji kuzunguka ukingo wote. Sponji ndiyo inayokaba na ndiyo inayofuta taji la mwanga. Ukikata kipande kigumu kwa kipimo kamili cha shimo, ama hakitaingia, ama kitaingia na hakitatoka. Shona au bandika utepe wa kuvutia upande wa ndani kabla hujakisukuma mahali pake. Nimewahi kukichokonoa kizibo kwa kijiko.

Dalili: kipande kimekatwa sawasawa lakini hakiingii

Pembetatu na yale madirisha yenye juu ya mshazari yana mtego mmoja: yana kushoto na kulia. Nilimsaidia jirani kupima dirisha la mshazari, tukakata ubao uleule mzuri, tukapanda ngazi, tukakuta tumekata kivuli chake cha kwenye kioo cha kujitazamia. Kwa kuwa ubao ulikuwa na karatasi ya alumini upande mmoja tu, kuugeuza kulileta alumini ndani na upande mtupu nje. Andika "ndani" na "juu" kwenye karatasi ya kipimo ikiwa bado imebandikwa dirishani, kabla hujaibandua.

Usiamini pembe. Kwa pembetatu, pima pande tatu. Pande tatu zikijulikana, umbo ni moja tu. Kwa umbo la pande nne au tano, pima kila upande pamoja na mshazari kutoka kona hadi kona, vinginevyo umbo litalegea kama kitanda kilichokatika chaga. Pima kila upande mara mbili, mbele ya shimo na ndani karibu na kioo, kwa kuwa mashimo mengi hupungua kadiri yanavyoingia.

Dirisha lililotokeza nje kwa pande tatu ni kisa tofauti. Ukiweka pazia la rola kwa kila kioo, kona mbili za ndani zitabaki na nyufa zisizozibika, na kona hizo ndizo jua la asubuhi linapopita. Acha vioo vitatu vilivyo, weka bomba moja mbele ya mdomo wa tundu hilo, kutoka ukuta hadi ukuta. Utapoteza kibaraza cha dirisha usiku, kitarudi asubuhi.

Dalili: pazia la dirisha la paani linaning'inia tumbo

Dirisha la paani halichezi mchezo wa mengine. Kwanza linatazama sehemu ya anga yenye mwanga mwingi: siku ya mawingu mazito yaliyotanda sawasawa, utosi wa anga hung'aa karibu mara tatu kuliko upeo wa macho. Kioo kidogo cha paani kwa hiyo hushindana na dirisha kubwa la ukutani, hata siku isiyo na jua. Pili, mvutano wa dunia unaivuta nguo kuja kwako. Kitambaa chochote bila reli za pembeni kitaacha tumbo katikati na midomo miwili pembeni.

Tiba ni reli pande zote mbili, au nyaya mbili tatu zilizokazwa kukatiza mteremko, kitambaa kikipita juu yake, kati ya waya na kioo. Kama dirisha linafunguka kwa kuzunguka katikati yake, kizuizi kifungwe kwenye sehemu inayosogea. Ukikifunga kwenye fremu isiyosogea umejinyima hewa. Na kama unaweza kufika nje kwa usalama, kivuli kilichowekwa juu ya kioo kinashinda cha chini yake kwa mbali, kwa kuwa joto linazuiwa kabla halijaingia.

Dalili: kila asubuhi kinaanguka

Kikianguka usiku, tatizo ni uzito au vumbi. Kikianguka asubuhi, mtuhumiwa ni joto: gundi ya selotepu ya pande mbili hulainika kioo kinapopata jua, na kile kizibo kinateremka taratibu mpaka pua yako. Kikianguka alfajiri kabla ya jua, gusa kioo. Pengine kina umande.

Usibandike kwenye kioo kama fremu ipo. Futa fremu kwa spiriti, iache ikauke, bandika, kandamiza, kisha subiri siku nzima kabla ya kutundika chochote. Utepe wa kunata wa aina ya Velcro unafanya kazi vizuri kwa kitambaa, mradi upande wa kitambaa ushonwe. Gundi yake haipendi nguo. Fremu ya chuma inakubali sumaku ndogo zilizoshonwa ndani ya pindo, na hakuna njia safi kuliko hiyo. Ya alumini haikubali. Jaribu kwa sumaku moja kabla hujanunua ishirini.

Usipigilie kizuizi kwa misumari wala skrubu kwenye dirisha ambalo mtu anaweza kulihitaji kutokea moto ukiwaka. Mtoto aweze kukivuta na kukitupa chini gizani, bila kifaa.

Dalili: giza limekuja na matatizo yake

*Chumba hakipumui.* Umeziba hewa pamoja na mwanga. Wapiga picha wa zamani waliokuwa wakisafisha filamu gizani walilitatua hili zamani sana, kwa kutumia tofauti moja: hewa hupinda kona, mwanga haupindi. Weka mbao mbili zinazopishana mbele ya luva au tundu la hewa, hewa ilazimike kupita kwa njia ya Z, na paka ndani yake rangi nyeusi isiyong'aa. Rangi ya namna hiyo hurudisha takriban asilimia 5 ya mwanga unaoigonga. Ukigonga mara mbili inabaki robo ya asilimia. Mara tatu, hakuna cha kuhesabu. Ile Z ndiyo kazi yote.

*Kioo kina maji nyuma ya kizibo, na ukungu mweusi kwenye fremu.* Kizibo kimezuia joto la chumba lisifike kwenye kioo, kioo kimepoa, na unyevu wa pumzi zako umepenya ukageuka maji hapo. Ondoa kizibo kila asubuhi, futa, acha dirisha likauke. Ukungu ukishaingia ndani ya sponji, badilisha sponji, kuosha hakusaidii.

*Kioo kimepasuka peke yake.* Hutokea, na watu hulaumu ndege. Kitu cheusi kilichogandamizwa kwenye kioo kinachopigwa na jua hupasha katikati ya kioo, huku ukingo uliofichwa ndani ya fremu ukibaki baridi. Katikati inataka kutanuka, ukingo unakataa. Kioo cha kawaida huwa hatarini tofauti hiyo inapokaribia nyuzi joto 40. Kile kilichokazwa kwa joto kiwandani huvumilia mara kadhaa ya hapo. Kioo cha rangi, chenye waya ndani, na vioo viwili vilivyofungwa pamoja ndivyo vya kuogopea zaidi. Hata karatasi ya alumini iliyobandikwa moja kwa moja ina hatari yake, maana inarudisha miale ipite kwenye kioo mara ya pili. Acha nafasi ya sentimita chache kati ya kizibo na kioo, upande wa nje uwe mweupe au wa kung'aa, na usikiache humo mchana kutwa.

Dalili: ilikuwa sawa, miezi miwili baadaye mwanga umerudi

Hakuna kilichoharibika. Jua limehama. Hutoka mashariki kamili siku mbili tu kwa mwaka, mwezi Machi na Septemba. Kwenye ikweta, mahali linapochomozea huyumba digrii 23 na nusu kila upande wa mashariki kati ya Juni na Desemba. Kwenye latitudo ya digrii 60 kaskazini, ni zaidi ya 52. Huko, dirisha linalotazama kaskazini linaweza kupigwa na jua la alfajiri katikati ya mwaka, na mwenye nyumba akaapa kuwa halijawahi kufanya hivyo. Mwanya wa upande wa kulia usiokuwa na madhara mwezi Februari unaweza kuwa panga mwezi Juni. Ziba kingo zote, hata ile isiyokusumbua sasa.

Kama mwanga umerudi ghafla, katika siku moja, tazama nje: bati jipya, ukuta uliopakwa chokaa, gari linaloegeshwa mahali papya. Mwanga wa kuakisiwa huja kutoka upande ambao hukuulinda.

Dalili: chumba ni giza totoro na bado naamka

Nyosha mkono mbele ya uso wako alfajiri. Kama huuoni, mwanga umeshaondolewa kwenye orodha ya washukiwa, pamoja na ule wa chini ya mlango na kile kitaa cha chaja. Wanaobaki ni kelele za ndege na magari, joto linalopanda chini ya paa jua linapoligonga, kibofu, na mazoea: mwili uliozoea kuamka saa kumi na moja kwa miaka hauachi kwa usiku mmoja. Upe wiki mbili.

Kuna na kinyume chake. Baada ya kizibo changu kukaa vizuri nilianza kuamka nikiwa mzito, saa mbili, saa tatu, kichwa kama kimejaa pamba. Mwili hurekebisha saa yake kwa mwanga wa asubuhi, nami nilikuwa nimeufungia nje wote, pamoja na ule niliouhitaji. Sasa kizibo kinatoka dakika ileile ninayoamka, ndiyo maana kile kijitepe cha kuvutia nimekirefusha mpaka kinafika kitandani. Nakivuta nikiwa bado nimelala, kinaangukia juu ya mto wangu wa kulalia, na ile nusu duara inajichora ukutani kwa saa niliyoichagua mimi.